Sumu ya dawa za moyo: mwongozo kamili wa matibabu ya dharura hospitalini

Mgonjwa aliyemeza vidonge vingi vya presha anaweza kufika mapokezi akitembea mwenyewe, akajibu kila swali sawasawa na kusema hajisikii vibaya. Baada ya saa tatu mashine haisomi presha. Vizuizi vya kalsiamu, yaani dawa kama amlodipini, nifedipini, verapamili na diltiazemu, vina tabia hiyo: fahamu hubaki timamu huku moyo na mishipa vikilegea. Kwa hiyo usimpange mgonjwa huyu kwenye foleni kwa kumtazama usoni. Mpange kwa kile alichomeza.

Mwongozo huu umeandikwa kwa matabibu na wauguzi wa chumba cha dharura. Dozi ni za mtu mzima isipokuwa pale mtoto alipotajwa, na zilinganishwe na utaratibu wa hospitali yako. Kama una kituo cha taarifa za sumu cha kupigia simu, kipigie mapema, si mgonjwa akishaanza kuzama. Kama wewe ni ndugu na bado uko nyumbani: usimtapishe, usimpe maziwa wala mafuta, kusanya maboksi yote na vidonge vilivyobaki, ondokeni sasa hivi.

Dakika za mwanzo

Mlaze kwenye kitanda chenye monita. Weka kanula mbili nene, yaani mirija ya mshipani, pima presha kila dakika tano, chukua ECG kamili, yaani mchoro wa umeme wa moyo, na pima sukari kwa tone la damu la kidoleni hapo hapo. Damu ya maabara iende kwa potasiamu, magnesiamu, figo, gesi za damu na laktati (asidi inayopanda mwili ukikosa oksijeni), pamoja na kiwango cha digoksini, dawa ya kuupa moyo nguvu, kama kuna shaka. Aliyemeza kwa kukusudia apimwe na parasetamoli pia, maana watu humeza walichokikuta kwenye droo, na mara nyingi si aina moja.

Wakati mikono inafanya kazi, mtu mmoja azungumze na waliomleta. Kameza nini, vidonge vingapi, saa ngapi? Uliza pia nyumbani nani anatumia dawa ya presha, ya moyo, ya kipandauso au ya tezi ya shingo, kwa sababu propranololi, mojawapo ya vizuizi vya beta (dawa zinazopunguza kasi ya moyo), hutolewa kwa yote hayo na familia haiihesabu kuwa dawa ya moyo. Likiletwa boksi, lisome hadi herufi ndogo. XL, SR, LA, CR au neno retard maana yake kidonge kinaachia dawa polepole, na mgonjwa anayeonekana mzima saa nne baada ya kumeza anaweza kuanguka saa kumi na mbili baada ya kumeza. Idadi ikiwa na utata, chukua ile kubwa inayowezekana.

Mtoto mdogo aliyekutwa na kidonge mdomoni hana "kidogo tu". Kidonge kimoja cha verapamili au nifedipini kinaweza kumuua. Analazwa na kuangaliwa hata akiwa anacheza.

Tambua kundi la dawa bila kungoja maabara

Viwango vya vizuizi vya kalsiamu na vya beta haviwezi kukufikia kwa wakati, hata kwenye hospitali kubwa. Una vitu vitatu vinavyokutosha: mapigo, sukari na potasiamu.

Mapigo ya chini, presha ya chini, sukari ya juu kwa mtu asiye na kisukari: fikiria kizuizi cha kalsiamu. Kongosho linahitaji kalsiamu iingie kwenye seli zake ndipo liachie insulini, na dawa imefunga mlango huo. Kadiri sukari inavyopanda ndivyo sumu ilivyo nzito. Mapigo ya chini na sukari ya chini au ya kawaida, pamoja na usingizi mzito au degedege, huelekeza kwenye kizuizi cha beta. Mapigo ya chini au ya ovyo, kutapika na potasiamu ya juu ni digoksini hadi ithibitike vinginevyo. Amlodipini na nifedipini zina mtego wao: mwanzoni presha hushuka huku mapigo yakienda mbio, kwa sababu mishipa ndiyo iliyolegea na moyo bado unapigania. Dozi ikiwa kubwa, moyo nao huchoka.

Rudia ECG kila saa moja au mbili. Umbali wa PR, yaani muda wa umeme kutoka vyumba vya juu vya moyo hadi vya chini, ukirefuka ni onyo la mapema kuliko presha.

Kuondoa sumu tumboni

Mkaa wa dawa, gramu 1 kwa kilo hadi gramu 50, una faida zaidi ndani ya saa moja au mbili tangu kumeza. Kwa vidonge vya kuachia polepole hata saa nne au zaidi bado una maana. Sharti ni moja: njia ya hewa iwe salama. Anayesinzia au anayetapika usimnyweshe mkaa kabla ya kumwekea mrija wa kupumulia, kwani mkaa ukiingia mapafuni utakuwa umeongeza ugonjwa wa pili.

Kama amemeza vidonge vingi vya kuachia polepole na bado yuko imara, safisha utumbo wote kwa polietilini glaikoli kupitia mrija wa puani, lita 1.5 hadi 2 kwa saa, mpaka kinachotoka kiwe maji safi. Presha ikishaanguka au utumbo ukiwa kimya, acha kabisa. Kuosha tumbo kwa mrija mnene ni nadra kustahili, na kunaweza kuyashusha mapigo zaidi.

Presha inaanza kushuka

Toa majimaji mililita 10 hadi 20 kwa kilo, kisha simama utazame. Moyo dhaifu haumezi lita nne, na sumu ya vizuizi vya kalsiamu ina kawaida ya kujaza mapafu maji. Atropini miligramu 0.5 hadi 1, rudia kila dakika 3 hadi 5 hadi jumla ya miligramu 3. Ijaribu, ila usiitegemee. Kwenye sumu nzito mara nyingi haifanyi kitu, na muda unaoupoteza kuirudia ndio muda wa kuandaa insulini.

Kalsiamu hutolewa kwa sumu ya vizuizi vya kalsiamu: kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 30 hadi 60 kwa dakika 5 hadi 10, na inaweza kurudiwa kila dakika 10 hadi 20 kwa mara tatu au nne huku ukifuatilia kiwango cha kalsiamu. Mtoto hupewa mililita 0.6 kwa kilo. Kalsiamu kloraidi ina kalsiamu karibu mara tatu zaidi kwa ujazo uleule, hivyo mililita 10 hadi 20 zinatosha, lakini ipitishwe kwenye mrija wa mshipa mkuu kwa sababu ikivuja huozesha nyama. Angalia lebo ya ampuli mara mbili. Dawa hizi mbili hukaa kabati moja na hazibadilishani dozi.

Insulini ya dozi kubwa

Hapa ndipo wengi husita, na hapa ndipo maisha huokolewa. Moyo uliotiwa sumu huacha kutumia mafuta kama nishati na kuitaka sukari, lakini insulini ya kuiingiza sukari ndani ya seli haipo. Mgonjwa ana sukari ya milimoli 18 kwa lita kwenye damu na moyo wake unakufa njaa, kama mtu aliyeketishwa mbele ya sahani akiwa amefungwa mikono. Ripoti ya wagonjwa watano iliyochapishwa mwaka 1999 ndiyo iliyofungua njia ya tiba hii kwa binadamu, na mwongozo wa Chama cha Moyo cha Marekani wa 2023 umeiweka kwenye daraja la juu kabisa la mapendekezo kwa sumu ya vizuizi vya kalsiamu na vya beta.

Inachukua dakika 15 hadi 60 kuonyesha nguvu. Ndiyo maana nasisitiza ianze mara tu moyo unapoonyesha kuzidiwa. Ukiingoja hadi dawa nyingine zote zishindwe, utaianza kwenye mwili ambao hauna tena saa moja ya kungoja.

Chukua mtu mzima wa kilo 60. Sukari ikiwa chini ya milimoli 11 kwa lita, tanguliza gramu 25 za glukosi, yaani mililita 50 za asilimia 50. Potasiamu ikiwa chini ya milimoli 3 kwa lita, anza kuirekebisha. Kisha mpe insulini ya kawaida ya haraka, ile angavu, yuniti 1 kwa kilo: yuniti 60 kwa mkupuo kwenye mshipa. Insulini yenye ukungu, ya muda mrefu, haiingii kwenye mshipa kamwe. Baada ya mkupuo unafuata mtiririko wa yuniti 1 kwa kilo kwa saa.

Muuguzi aliyezoea kumchoma mgonjwa wa kisukari yuniti 8 ataisoma karatasi yako mara mbili, na ana haki. Mweleze kabla hujaandika, andika namba kwa maneno pia, na watu wawili wahakikishe pamoja.

Mchanganyiko wenyewe: kichupa cha mililita 10 kina yuniti 1,000. Vuta mililita 5, ziongeze kwenye mililita 45 za sodiamu kloraidi ya asilimia 0.9, nawe una mililita 50 zenye yuniti 10 katika kila mililita. Yuniti 60 kwa saa ni mililita 6 kwa saa kwenye pampu. Ukipata nafuu hafifu, panda kwa yuniti 1 hadi 2 kwa kilo kila dakika 10 hadi 15, hadi kikomo cha yuniti 10 kwa kilo kwa saa. Kwenye kikomo hicho pampu inasoma mililita 60 kwa saa. Kama ungetumia mchanganyiko mwepesi wa yuniti 1 kwa mililita, ungemwagia mapafu mililita 600 kila saa.

Glukosi huenda sambamba, kwa kuanzia gramu 0.5 kwa kilo kwa saa. Kwa huyu wa kilo 60 ni gramu 30, sawa na mililita 300 za asilimia 10 au mililita 60 za asilimia 50. Ile nzito inahitaji mrija wa mshipa mkuu. Pima sukari kila dakika 15 hadi 30 mpaka itulie, halafu kila saa. Potasiamu kila saa mwanzoni. Potasiamu itashuka, lakini haijapotea, imeingia ndani ya seli. Ukiijaza kwa pupa hadi 4.5, itarudi kukudai insulini ikipunguzwa. Lenga takriban 3.

Mgonjwa wa vizuizi vya kalsiamu mwanzoni huhitaji glukosi kidogo, kwa sababu sukari yake tayari iko juu. Ukiona ghafla anaanza kuila kwa kasi na kila kipimo kinakulazimisha kuongeza dripu, furahi: kongosho na moyo vinaamka. Mapigo yasikukatishe tamaa pia. Insulini huongeza nguvu ya msukumo kabla ya kuongeza kasi, hivyo mapigo 50 yenye presha nzuri, mkojo unaotoka na laktati inayoshuka ni ushindi.

Dawa za kukaza mishipa na glukagoni

Insulini ikingojewa, dawa hizi ndizo zinazoshikilia presha. Weka kipimo cha altrasaundi juu ya moyo. Ukiona unasukuma kwa nguvu lakini presha iko chini, mishipa ndiyo tatizo: noradrenalini. Ukiona unasukuma kwa uvivu: adrenalini. Dozi zinazohitajika zinaweza kupita mazoea ya wodini, kwa hiyo fuata matokeo kwa mgonjwa. Zikianzia kwenye kanula nene ya mkononi ni sawa, usisubiri mrija wa shingoni.

Glukagoni huamsha moyo kwa njia isiyopitia vipokezi vya beta, kwa hiyo inafaa zaidi kwenye sumu ya vizuizi vya beta: miligramu 5 hadi 10 kwenye mshipa kwa dakika chache, na ikijibu, endelea kwa miligramu 2 hadi 5 kwa saa au zaidi. Hutapisha sana, basi mgeuze ubavu. Kuna ugumu wa stoo pia: vichupa vingi vina miligramu 1, kwa hiyo mkupuo mmoja tu unaweza kumaliza akiba ya hospitali nzima. Hesabu vilivyopo kabla ya kujenga mpango juu yake.

Propranololi na sotaloli

Propranololi hufunga pia njia za sodiamu. QRS, sehemu ya ECG inayoonyesha umeme ukipita vyumba vya chini vya moyo, ikipanuka kupita milisekunde 120, au degedege likianza, toa sodiamu baikaboneti milimoli 1 hadi 2 kwa kilo na urudie ECG. Degedege lenyewe litulize kwa diazepamu au lorazepamu. Sotaloli, kizuizi kingine cha beta, hurefusha QT, yaani muda wa vyumba vya chini kusisimka na kutulia tena, na kuzaa mapigo ya kujipinda, yaani mbio za hatari za vyumba hivyo. Hayo hutibiwa kwa magnesiamu salfeti gramu 2 na kurekebisha potasiamu. Kusafisha damu kwa mashine ya figo kunaweza kusaidia kwa atenololi na sotaloli. Kwa propranololi na vizuizi vya kalsiamu ni kupoteza muda.

Digoksini ina sheria zake

Usiichanganye na yaliyotangulia. Hapa kuna dawa mahususi ya kuzima sumu: vipande vya kingamwili vinavyoikamata digoksini ndani ya damu. Vilitumika kwa binadamu mara ya kwanza miaka ya 1970.

Anayehitaji ni yule mwenye mapigo ya hatari, presha iliyoanguka, au potasiamu iliyozidi 5 baada ya kumeza kwa mkupuo. Potasiamu hapo si chumvi ya kawaida iliyopanda. Ni kipimo cha ukubwa wa sumu, kwa sababu digoksini imezima pampu zinazoirudisha ndani ya seli. Vilevile mtu mzima aliyemeza miligramu 10 au zaidi, au mwenye kiwango kilichozidi nanogramu 10 kwa mililita saa sita baada ya kumeza.

Hesabu ni rahisi. Kichupa kimoja hukamata takriban miligramu 0.5. Aliyemeza vidonge 40 vya miligramu 0.25 ana miligramu 10. Zidisha kwa 0.8, maana si zote zinazofyonzwa, upate 8, gawanya kwa 0.5: vichupa 16. Kama una kiwango cha damu, zidisha nanogramu kwa kilo za mgonjwa, gawanya kwa 100. Mzee wa kilo 70 mwenye kiwango cha 4 anahitaji vichupa 3. Kama hujui kitu na hali ni mbaya, anza na 10. Moyo ukisimama, toa 20. Baadhi ya wataalamu sasa huanza na dozi ndogo kwa mgonjwa asiye mahututi na kuongeza kwa kuangalia ECG, na kwa dawa adimu hivi naona ni busara.

Ukishatoa kingamwili, usipime tena digoksini kwa kipimo cha kawaida. Kitaonyesha imepanda mara nyingi, kwa sababu kinahesabu hata iliyokwisha kufungwa. Fuatilia ECG na potasiamu, ambayo sasa inaweza kushuka chini kabisa.

Pasipo kingamwili, kazi inakuwa ya kununua muda. Atropini hapa hufanya kazi vizuri kuliko kwenye makundi mengine. Potasiamu ya juu ishushwe kwa glukosi na insulini ya dozi ya kawaida. Mapigo ya haraka yanayotoka vyumba vya chini vya moyo yapewe lidokaini miligramu 1 hadi 1.5 kwa kilo, na magnesiamu. Kalsiamu si tiba ya hapa. Hofu ya zamani kwamba kalsiamu ingeukaza moyo uwe kama jiwe haikuthibitishwa na tafiti za baadaye, lakini pia hakuna faida ya kuitafuta. Mashine ya figo haiitoi digoksini, kwani imejificha kwenye misuli. Na mtu aliyekunywa dawa ya majani ya mwoleanda hutibiwa kwa mpango huuhuu, maana mti huo una sumu ya ukoo mmoja na digoksini.

Wengi wa wagonjwa wa digoksini hawakumeza kwa kukusudia. Ni wazee ambao figo zimepungua nguvu huku dozi ikibaki ileile. Wanakuja na kichefuchefu cha siku kadhaa, uchovu, kuchanganyikiwa, pengine wanaona rangi ya njano kuzunguka taa. Kwao potasiamu inaweza kuwa ya chini kutokana na dawa za kukojoza, na upungufu huo, pamoja na wa magnesiamu, ndio unaoikoleza sumu.

Vyote vikishindwa

Mashine ya kuongoza mapigo inaweza kushika umeme bila moyo kusukuma. Tazama mpigo wa mshipa, si mstari wa monita. Dripu ya mafuta ya asilimia 20 ilisifiwa sana. Mwongozo wa 2023 hauioni kuwa na faida kwa sumu hizi, na damu iliyojaa mafuta huvuruga vipimo vya maabara. Kama kuna hospitali yenye mashine ya kuchukua kazi ya moyo na mapafu, piga simu wakati mgonjwa bado anahimili safari ya gari la wagonjwa.

Moyo ukisimama, endelea kukandamiza kifua muda mrefu kuliko ulivyozoea. Huu ni moyo uliolemewa na dawa, mara nyingi haukuwa umeoza, na wapo waliopona baada ya zaidi ya saa moja ya kukandamizwa.

Kuangalia, kupunguza, kuruhusu

Aliyemeza vidonge vya kawaida na hana dalili yoyote, ECG na sukari vikiwa sawa, aangaliwe angalau saa 6. Sotaloli, angalau saa 12. Amlodipini na vyote vya kuachia polepole, saa 24 kwenye monita.

Unapopunguza tiba, ondoa kwanza dawa za kukaza mishipa, kisha shusha insulini taratibu. Glukosi iendelee na sukari ipimwe hata siku nzima baada ya insulini kusimama, kwa sababu insulini iliyotunzwa mwilini inaendelea kutoka.

Aliyemeza kwa kukusudia aonwe na mtaalamu wa afya ya akili kabla ya kutoka, na muuguzi akae naye tangu alipofika. Kwenye barua ya kuruhusiwa andika dawa ipi isirudishwe, ipi ibadilishwe dozi kulingana na figo, nani nyumbani atashika vidonge, na kwamba duka la dawa limpe vya wiki moja moja.